Stoo Haifungwi, Nyambura

Nyambura mwanangu,

Mke wa pasta amenikataza kukuandikia. Ati aliyelala haandikiwi, na mama Mkristo asianze mazoea ya kuongea na kaburi. Nikamwambia sawa mama, asante kwa kunishauri. Halafu nikaja hapa stoo, kwa darasa lako, nikaegemeza kiti kwa mlango, nikachukua kalamu ambayo mwanafunzi wako Chelangat ameisahau. Ni Jumamosi mchana. Watoto wametoka saa hii tu, hata mabenchi bado yako na joto lao.

Usiucheke mwandiko wangu. Unajua mimi niliishia darasa la nne, na Kiswahili changu ni cha kuuzia watu chai na mandazi huku wakipakia mahindi kwa lori. Nikikosea, rekebisha huko uliko. Si ulikuwa unanirekebisha hata nikiwa katikati ya maombi, "Mama, hiyo umesema mara mbili, Mungu amesikia."

Nianze na kile najua unauliza. Darasa lako halijafungwa. Walijaribu. Halijafungwa.

Wacha nikueleze polepole, kwa sababu tangu tukuzike Julai sijawahi kukaa chini nikakueleza kitu. Nikija hapo kaburini nalia tu, halafu naanza kung'oa magugu, halafu nakuuliza kama umeshikwa na baridi. Najua aliyekufa hashikwi na baridi. Lakini hicho kifua chako nilikilinda tangu ukiwa mtoto mchanga, na sweta, na maji moto, na ile pampu yako ya kuvuta ambayo nilikuwa naiangalia kwa mfuko wako kama umeisahau, na mikono haiachi kazi yake ati kwa sababu watu wamesema amina.

Kitu cha kwanza kubadilika baada ya mazishi kilikuwa jina langu. Mimi ni Mama Nyambura tangu nikuzae. Sokoni ni hivyo, kanisani ni hivyo, hata kwa simu ya baba yako nimeandikwa hivyo. Sasa wakaanza kuniita Mama Kamau, kwa sababu ndugu yako ndiye amebaki. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wananihurumia. Mtu anafika kwa meza yangu, anafungua mdomo, "Mama Nya...", anameza, anasema, "Mama Kamau, nipatie chai na mandazi mbili." Kamau nampenda, hata yeye anajua nampenda. Lakini kila nikiitikia hilo jina nilikuwa naona ni kama nashika koleo na kuongeza udongo.

Halafu tukakaa kama familia kugawa nguo zako. Shangazi yako alichukua ile jaketi ya kijani, wasichana wake wakachukua viatu, mimi nikabaki na leso. Tulipomaliza, baba yako mkubwa akasimama. Yeye ndiye anaongea kwa hii boma tangu babu yako aende, hilo sikatai. Akasema, "Sasa stoo irudi kuwa stoo. Mavuno yanakuja. Na pia si vizuri watoto wa watu kukalia benchi za marehemu, wataanza kuota vitu." Shangazi akaitikia, "Hiyo ni kweli kabisa, wataota." Baba yako alikuwa ametoka kazini Gilgil kwa ruhusa ya mazishi, akaangalia viatu vyake. Mimi nikaanza kukunja leso. Sikuwa na nguvu ya kubishana na watu ambao wamenichimbia kaburi la mtoto bila kuitisha chochote.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nakanda unga hapa nje. Nikasikia kitu kwa geti. Nikainua macho, nikaona sare za shule. Wamesimama wote nje ya geti, hakuna anayeingia, hakuna anayerudi. Chelangat ndiye alikuwa mbele, yule msichana wa mwenye posho mill ya kusaga unga, unamjua mdomo wake. Siku hiyo mdomo ulikuwa mdogo. Akasema, "Mama Nyambura, tuko leo ama hatuko?"

Nyambura, nilikuwa sijaitwa hivyo tangu tukuzike.

Nikasema, "Mko." Nikaenda kutafuta ufunguo na mikono yangu ikiwa unga mtupu.

Lakini sasa nimewaingiza, na Kiingereza changu ni "good morning" na "sit down". Hizo zikaisha. Wakakaa wakaniangalia. Nikaanza kukumbuka vile ulikuwa unafanya, ule mwaka ulimaliza Form Four ukakaa hapa ukingoja chuo, ukasema hutakaa bure kama kuna watoto wa shule ya kutwa hapa Rongai wanaanguka Kiingereza kila mwaka. Kuandika kompo, zile insha zao, na kuchambua zile setibuku zao za hadithi na maigizo. Hiyo tu ndiyo ulitaka. Ukafagia panya, ukaomba seremala mbao.

Na ulikuwa na sheria. Ya kwanza ilikuwa hakuna kukariri. Kila mtoto alikuja hapa na mwanzo mmoja wa kompo ambao mwalimu fulani wa zamani aliwapa, jua limechomoza, ndege wanaimba, nimeamka na furaha isiyo kifani. Hata kama kompo ni ya ajali ya barabara, ndege lazima waimbe kwanza. Ukawa unawauliza, "Hapa Rongai ni nani huamshwa na ndege? Si ni malori ya mahindi? Andika lori!"

Ya pili ilikuwa mimi. Mtoto akimaliza kuandika ulimleta hapa kwa karai yangu ya mafuta, unamwambia amsimulie mama kwa Kiswahili kile ameandika kwa Kiingereza. Mimi niendelee na kazi yangu. Mandazi ikiungua, kompo imepita. Mandazi ikitoka vizuri, rudi uandike upya. Mimi nikawa napigana na wewe, "Nyambura, unaniharibia biashara!" Na wewe unacheka mpaka kifua kinaanza kupiga filimbi, na mimi naacha kukasirika naanza kuogopa.

Basi hiyo Jumamosi ya kwanza nikawaambia waandike kompo juu yako. Sikuwa na kingine kichwani. Wakaandika, kimya, kalamu tu. Nikawasha jiko. Akaja Musa. Akasimama hapo, akaanza kunisimulia: kwamba habari za kifo chako zilimpiga kama radi, machozi yakamtoka kama mto uliovunja kingo, dunia ikamzunguka, akaanguka chini kama gunia la viazi, na wewe ulikuwa taa iliyozimwa na upepo mkali. Mwanangu, nililia. Niliweka kijiko chini nikalia na leso usoni, na mandazi ikaungua ikawa makaa. Jirani aliyekuwa anangoja chai akalia pia. Nikamwambia Musa, "Umepita, baba. Umepita kabisa."

Chelangat akatoa kichwa mlangoni. "Mama Nyambura, hiyo amekariri."

"Nyamaza, Chelangat."

"Ni ile ya term ya kwanza! Ya kifo cha nyanya yake! Amebadilisha jina tu!"

Nikamgeukia Musa. "Nyanya yako si ndiye huyo anauza sukuma wiki hapo steji ya matatu?"

Musa akaangalia chini. "Ndiye."

"Alikufa lini?"

"Hajakufa. Ilikuwa ya kompo."

Wale wengine walicheka mpaka benchi ikaanguka. Hata jirani alicheka na machozi bado yako kwa shavu. Mimi sikucheka. Nilisikia kitu kinapanda kutoka miguuni, joto, na sijui kama kilikuwa hasira ama ni uhai ulikuwa unarudi. Nikamwambia, "Musa, sikiliza. Mtoto wangu hakuzimwa na upepo. Mtoto wangu hakuwa taa. Alikuwa msichana wa kupiga kelele, mwenye kifua kibaya, na alikupenda mpaka akakuazima vitabu vyake. Rudi ndani uniandikie huyo. Huyo mwingine mpelekee nyanya yako."

Alikaa huko ndani mpaka wenzake wakaenda nyumbani. Alipotoka hakuniangalia usoni. Akasoma Kiingereza kidogo, kisha akaniambia kwa Kiswahili: siku moja ulimpiga kichwa na setibuku kwa sababu alisema chifu wa kwenye igizo ni mtu mbaya na hakuweza kuonyesha ni wapi amefanya ubaya. Ukamwambia mtu hahukumiwi kwa uvumi, hata wa kwenye kitabu. Halafu ukamuuliza kama ameumia, ukampatia nusu ya mandazi yako. Na ile nusu ilikuwa imeumwa tayari. Hapo ndipo alimalizia. Hakuweka kitu kingine.

Sikulia. Nilikuona. Ile namna yako ya kumega kwanza halafu ndipo unapeana. Sikujua kuna mtu mwingine duniani amewahi kuiona.

Tangu siku hiyo nikajua sitafunga.

Lakini usidhani siogopi. Naogopa kila wiki. Najiuliza, na nikiwapoteza hawa watoto? Mzazi mmoja alishakuja akaniambia usoni, "Wewe na Kiingereza wapi na wapi?" Nikamwambia ni kweli, hatujuani. Mimi nafungua mlango, nauliza maswali yako mawili, "Halafu?" kama ni kompo, na "Nionyeshe" kama ni setibuku, na hao wenyewe wanabishana mpaka mate yanaruka. Makosa ya Kiingereza siyajui. Nilifunga kitambaa vizuri nikaenda mpaka shuleni kwao, nikamtafuta mwalimu wao wa Kiingereza nikamwomba asahihishe wanachoandika huku. Yule bwana akaniangalia sana. Akasema walete Jumatatu. Na anasahihisha, Nyambura. Kalamu nyekundu mpaka karatasi inakaa kama imechinjiwa kuku. Watoto wanakuja kunionyesha wakilalamika, na mimi moyoni nasema asante Yesu, kuna mtu anaona kile mimi sioni.

Sasa mavuno yakafika. Jumamosi, katikati ya darasa, baba yako mkubwa akaingia na pikapu imejaa magunia na vijana wawili wa kushusha. Akazima injini. Ndani watoto walikuwa wanachambua igizo, Chelangat anatetea yule chifu kama wakili.

Akaniita. "Mama Kamau, toa watoto. Mahindi iko hapa na mawingu unaona."

Nikapangusa mikono. Nyambura, unajua huyu mzee sijawahi kumjibu tangu niolewe. Yeye ndiye alikuja kwetu na wazee kunichumbia kwa niaba ya baba yako. Nikasema, "Baba Njoroge, mimi naitwa Mama Nyambura."

Vijana wa pikapu wakaanza kuangalia magurudumu.

Akasema pole pole, "Najua unaitwa nani. Lakini mwenye hilo darasa amekufa. Darasa limekufa na mwenyewe."

Kutoka ndani sauti ikasema, "Ushahidi! Ukurasa wa ngapi?"

Nikageuka nikafokea huo mlango, "Chelangat! Nitakuja huko na mwiko!" Lakini nakuambia ukweli, ilibidi nimeze kicheko.

Mzee hakucheka. Akanisogelea, akaongea chini wasisikie. "Unafikiria mimi nakuchukia? Mimi nikipita hapa Jumamosi nikasikia hicho Kiingereza chao, nafikiria ni yeye. Nageuka. Kila wakati nageuka. Nimechoka kugeuka, mama."

Hapo ndipo nilimwelewa. Nikaona mahindi hata haikuwa neno. Huyu ndiye alikubeba kwa mgongo mpaka zahanati ile siku mvua ilikata barabara, ukiwa darasa la tatu. Nikamwambia, "Hata mimi nageuka, Baba Njoroge. Nageuka zaidi yako. Wewe unataka hii kitu iishe ndiyo upumzike. Mimi sitaki kupumzika. Siku nitaacha kugeuka ndiyo siku nitakuwa nimemzika, na bado sijamzika, nimewaachia nyinyi hiyo kazi."

"Na mahindi?"

"Mahindi itaingia kwa nyumba yangu."

"Sebuleni?"

"Sebuleni. Na ikijaa, chumbani. Mimi nitalala juu yake."

Akaniangalia kama mtu ambaye amefika kwa mto akakuta umeongezeka. Nikafungua mlango wa stoo nikaita hao watoto wote, wavulana na wasichana, nikawaambia setibuku chini, magunia juu. Walibeba, Nyambura. Mavumbi ya mahindi yakaingia kwa sare. Chelangat alibeba mwisho mmoja na Musa mwingine na bado wanabishana juu ya chifu. Makochi tukayasimamisha ukutani. Televisheni ikafichwa, Kamau akanuna wiki nzima. Baba yako alipotoka Gilgil mwisho wa mwezi alifungua mlango, akaona magunia mpaka dirishani, akaufunga, akaufungua tena. Nilipomweleza, akasema tu, "Umefanya vizuri." Halafu akakaa juu ya gunia akavua viatu. Siku mke wa pasta alikuja na wamama wa kanisa kuniombea, wote walikaa juu ya mahindi, wanateleza teleza, na maombi yakawa mafupi. Sikuomba msamaha.

Baba yako mkubwa aliondoka hiyo siku bila kunywa chai. Alisema neno moja tu akiwa kwa pikapu. "Ikishika unyevu, ni juu yako, Mama Nyambura."

Haikushika. Nilikuwa naigeuza kama mtoto mwenye homa. Na hayo magunia yalishauzwa, makochi yamerudi. Na wewe unajua kwa hii boma jina likishasemwa na mkubwa, limesemwa.

Sasa ya mwaka huu. Chelangat na Musa wameingia Form Four. Mtihani ni mwisho wa mwaka na mimi ndiye nakosa usingizi, wao wanalala tu. Nyuma yao mambo yamebadilika. Form One hakuna tena. Serikali imebadilisha masomo, sasa wanaingia sekondari wakiitwa Gredi Teni, na wanasoma tofauti, hata wazazi hatuelewi. Niliogopa sana. Nikasema basi, hawa wapya hawatakuja, hawamjui Nyambura, na yale alikuwa anafundisha labda hayahitajiki. Hawa wakubwa wakimaliza, imeisha. Nilikuwa nimejitayarisha kabisa kwa hilo. Nilishapanga hata vile nitalia.

Leo asubuhi kameingia kasichana kamoja ka Gredi Teni. Sketi imeshikwa na pini, begi kubwa kuliko mgongo. Hakuna aliyemwita, amesikia tu kwa wenzake. Akakaa mwisho wa benchi. Wakubwa walikuwa wanampatia masharti kama maaskari, "Nyambura alikataa hiyo", "Nyambura alisema anza na kitu umeona", "Nyambura angerarua hii". Akawasikiliza, akasikiliza, halafu akainua mkono. Akaniuliza mimi, sio wao.

"Cucu, kwani huyo Nyambura anakuja saa ngapi?"

Ameniita cucu, yaani nyanya! Mimi! Lakini hakuna aliyecheka. Musa akaangalia dirisha. Chelangat, na ule mdomo wake wote, akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Wale wengine wakawa wananiangalia kama nitavunjika.

Mwanangu, hilo swali nimeliogopa tangu Julai. Siku atakuja mtoto ambaye hakujui hata kidogo. Nilidhani ndiyo siku utakufa kabisa. Nikasimama hapo na mwiko wangu, nikangoja nianguke. Sikuanguka.

Nikamwambia, "Nyambura ni mtoto wangu wa kwanza. Alikufa mwaka jana. Yeye hawezi kuja, kwa hivyo mimi ndiye nimekuja. Andika."

Akasema, "Pole, cucu." Akainama akaandika. Aliandika akifuta, akifuta mpaka karatasi ikatoboka, akaomba nyingine. Alipokuja kunisimulia, ilikuwa ni ya mama yake akinyoa kondoo wa jirani kule Molo, vile kondoo alitoroka akiwa amenyolewa upande mmoja, akakimbia barabarani na magari yakasimama. Hakuweka ndege hata mmoja. Nilimuuliza, "Halafu?" Akaniambia. Nikauliza tena. Sijui mandazi zilitoka aje, watu wamekula tu bila kusema.

Hakukujua, Nyambura. Na amekaa kwa benchi yako, akifuta uongo wake mwenyewe. Kifo kilikuja hapa kikabeba kile kiliweza kubeba. Kirudi kione kama kitabeba hiki.

Sasa nitoe kiti kwa mlango, kuna mtu anagonga anataka chai. Nikuahidi hivi, na hii ndiyo ya mwisho. Hako kasichana nitakafikisha. Na mwingine nyuma yake, hata wakiitwa gredi gani. Chelangat na Musa nitawasindikiza mpaka mlango wa mtihani na nitasimama huko nje niwaaibishe. Mradi niko na miguu, Jumamosi huu mlango utafunguka, na siku miguu itakataa nitampatia ufunguo mtu anayejua kugombana.

Lala, mwanangu. Jifunike vizuri. Mimi usiningoje haraka, niko na kazi.

Mama